Bakteria Wangu Hawakuwa Wakipumzika

Alhamisi, Julai 2006. Moshi. Baridi na mawingu, mlima haujaonekana tangu Jumatatu. Afadhali, leo sina hamu ya kuonana na chochote kikubwa.

Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikipima urefu wa bakteria kwa darubini, kwenye maabara ya hospitali walikoniazima meza. Mimi ni mwalimu wa hesabu niliye likizo ya masomo. Nilitaka mlinganyo mmoja tu: bakteria hurefuka kwa kasi gani, na akifika urefu gani ndipo anagawanyika wawili.

Vipimo vilinisumbua. Kila baada ya siku moja, jioni, ukuaji ulipungua kwa saa kadhaa, kisha ukarudi. Nikaongeza herufi p kwenye mlinganyo. P ya pumziko. Mchoro ukakaa sawasawa, na siku ile nililia kwa furaha. Naona aibu hata kuandika.

Baba, mkulima wa kahawa kule Kilema, hajui milinganyo, lakini la pumziko alilielewa mara moja. Kila Jumapili watu wakitoka misa anawaeleza kwamba binti yake amegundua hata vijidudu hupumzika. Siku hizi ananiita Daktari.

Leo saa kumi umeme ukakatika, mgao kama kawaida. Jenereta ikanguruma, taa ya darubini ikawaka, nikaendelea na kazi. Mama Ritha, anayefanya usafi pale, akaweka kiganja juu ya kabati la joto ninamooteshea bakteria.

"Mwalimu, hawa wako si watapata baridi? Hili kabati halijawahi kuungwa kwenye jenereta."

Nilicheka. Kisha nikalifungua, nikasoma kipimajoto: joto lilikuwa limeanza kushuka.

Miezi yote hii nimekisoma mara moja kwa siku, asubuhi, kwa sababu fomu ina nafasi moja.

Nikabandua ratiba ya mgao mlangoni, nikailinganisha na mchoro wangu. Jioni zilikuwa zile zile.

Sijagundua chochote. Nimeandika mlinganyo wa mgao wa umeme.

Ningejua joto lilishuka kiasi gani ningerekebisha hesabu, lakini sikulipima. Kurudia siwezi, likizo inaisha mwezi huu. Ningeweza kunyamaza, maana Mama Ritha hajui alichokisema, na profesa anayenisimamia anasubiri sura ya mwisho ya tasnifu yangu kwa hamu. Nimekaa hapa intaneti kafe saa nzima nikilifikiria hilo, sitajidanganya kwamba sikulifikiria. Mwishowe nimemwandikia profesa mistari minne ya ukweli, nikatuma haraka kabla sijabadili mawazo.

Sikusikia nafuu yoyote. Nimechoka tu.

Halafu baba akapiga simu.

"Daktari, vijidudu havijambo?"

"Havijambo, baba. Shikamoo."

Profesa nimeweza kumwambia. Baba nimeshindwa. Jumapili nitapanda Kilema, tutasali, na tukitoka nitasimama pembeni yake akianza kuwaeleza watu. Uso wangu nitauweka wapi?