Maji ya Damu Yaliyogeuka Meupe

Same,
14 Juni 1956

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia dada Rogathe amejifungua salama. Mpe hongera zangu.

Mama, nina jambo. Damu wanayotoa watu wetu wa Mwembe tunaizungusha kwenye mashine mpaka wekundu ushuke chini, maji ya njano yabaki juu. Kutoka kwenye maji hayo daktari anachuja kitu kidogo kinachopigana na malaria, apate kukichunguza. Ili maji hayo yatoke safi, niliwasihi watu pale kanisani waje bila kula. Basi, mara mbili mfululizo maji yametoka meupe kama maziwa, wala hayachujiki! Daktari aliniuliza kama nimetia maziwa ili nijaze chupa. Mimi! Akasema yakitoka hivyo tena, nifungashe virago.

Leo asubuhi lori linalowaleta lilipofika, nilimwona Mzee Eliufoo ana mafuta kwenye masharubu. Kumuuliza, akajibu bila wasiwasi kwamba kila safari hupita kwako alfajiri, wote, wakala makande ya samli na nyama iliyonona. Lo, Mama! Kumbe mafuta hayo ndiyo yaliyoingia kwenye damu na kuyafanya maji meupe. Nilikasirika, sikufichi. Nilimweleza daktari, naye akapiga marufuku chakula hicho. Nilipowatangazia wale watu, walichukua fimbo zao wakaanza kuondoka.

Nilimkimbilia Mzee Eliufoo, na ndipo akanipasulia. Alisema Mwembe nzima ilikuwa ikinong'ona kuwa mimi ni mumiani. Wewe ukawaita, ukawapakulia, ukala nao, ukawaambia mwanao hawezi kumdhuru mtu aliyekula kwako. Baada ya hapo ndipo wakakubali kupanda lori. Nami siku zote nilidhani wananiamini mimi, na hii kaptula yangu ya kaki! Nimeona haya, Mama, na nimekupenda zaidi.

Hilo nalo nimemweleza daktari. Amekubali kwamba lori likija huko Jumatano, ulipande pamoja na chungu chako, kikiwa kimefunikwa. Damu itoke kwanza, kisha uwapakulie papa hapa, wakuone. Usipokuja wewe, hakuna atakayekuja, nami nitarudi nyumbani sina kazi. Daktari atakaa nyuma na watu. Kiti cha mbele ni chako.

Wasalimie wote wa nyumbani, na mtoto mchanga umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao,
Asheri