Inazima Tukifika Mlangoni

Jumanne, 5 Novemba

Nyasi tena. Asubuhi nzima nimeezeka paa la nyumba isiyokuwepo. Naweka safu moja, kompyuta inaganda, nakunywa chai, inarudi. Safu nyingine.

Nyumba ni ile alimozaliwa Tata, baba yangu, kule Izigo. Mushonge wa zamani, nyumba ya duara ya Wahaya, nyasi kutoka kileleni hadi chini. Ulianguka kabla sijazaliwa na hakuna aliyeupiga picha. Ninachotegemea ni kumbukumbu za Tata na za dada yake, shangazi Paskazia, anayeishi naye. Hawakubaliani hata jiko lilikuwa upande gani.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Hii ni mara ya kwanza kuchora iliyokwisha kuanguka. Naona raha ya ajabu.

Tata ana presha ya macho. Anaona kama anayechungulia kwenye mrija, na mrija unazidi kuwa mwembamba. Tarehe 18 anakwenda Mwanza kupasuliwa. Daktari alisema wazi: wanalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Na kisu ni kisu. Usiku wa kuamkia safari atalala kwetu hapa Kagondo. Anataka aingie ile nyumba kwanza.

Nilishamtumia video fupi kwenye simu. Hakuiona vizuri, na hakuitaka. "Hiyo ni ya kuangalia," alisema. "Mimi nataka kuingia."

Jumatano, 6 Novemba

Kadi ya picha ya kompyuta imefika na basi kutoka Mwanza. Ni ya mtumba lakini safi. Feni mbili. Nzito kuliko nilivyodhani. Hii ndiyo itakayobeba nyasi zote, ili nyumba izunguke bila kukwama.

Mume wangu Jasson hakufurahi. Kompyuta hii aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, mwaka tulipooana na mimi nikaacha kazi Mwanza. Ilikuwa zawadi yake kwangu. Ameitazama kadi mezani kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Kwani hii iliyopo imekukosea nini?"

Nilimjibu kwamba haijanikosea kitu, ila imechoka. Neno baya. Alikwenda kumwagilia mchicha, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefunga kadi. Nimewasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Kimya.

Nikaitoa kadi, nikairudisha. Kioo cheusi. Nikachomoa RAM, zile kadi za kumbukumbu, nikazipangusa vumbi, nikazirudisha. Kioo cheusi.

Mchana nikajicheka peke yangu. Waya wa kioo ulikuwa bado umechomekwa mahali pa zamani, kwenye bodi. Unatakiwa uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Nimeuhamisha, picha ikaja. Mjinga mimi. Lakini mjinga mwenye furaha.

Ijumaa, 8 Novemba

Inakimbia! Nimezunguka nyumba nzima kwa nje, paa linameta, hakuna kukwama. Nikasogea kwenye mlango ule mfupi ili niingie ndani.

Ikazima. Si kuganda. Kuzima, kama mtu aliyepuliza kibatari. Hakuna ujumbe, hakuna mlio.

Nimewasha tena. Nje, sawa. Mlangoni, ikazima.

Mara ya tatu nilikwenda polepole, kama mwizi. Ikazima palepale.

Kwa nini mlangoni? Nyumba nzima iko vilevile. Nini kiko pale?

Jumamosi, 9 Novemba

Nimedhani ni joto. Nimefungua ubavu wa kompyuta, nikaielekezea feni ya mezani. Ndani nimekuta senene wawili wamekauka kwenye feni ya nyuma. Msimu huu wanafuata taa popote. Mwanetu Neema aliuliza kama bado wanaliwa. Nimemwambia hapana. Nadhani amesikitika.

Nimeweka programu ya kupima joto pembeni ya picha. Nikaenda mlangoni huku jicho langu liko kwenye namba. Kadi ilikuwa vuguvugu tu ilipozima.

Basi si joto. Hilo limeondoka. Ajabu ni kwamba kila ninapokosea najisikia nimepata kitu.

Jasson amepita, ameona ubavu wazi. Amegeuka, akatoka nje.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada nimekwenda Izigo. Shangazi alikuwa amepika ndizi na maharage. Tata kibarazani anatafuna akamwani, hizo kahawa za kuchemsha asizoweza kuziacha.

Nimewauliza tena kuhusu ndani. Jiko?

"Katikati," Tata alisema.

"Kulia," shangazi alisema. "Wewe ulikuwa unalala tu, utajua wapi jiko lilikuwa? Mimi ndiye niliyekuwa napuliza moto."

Tata akacheka, akasema shangazi aandikiwe kulia.

Tata alipoinuka kuingia ndani aligonga bega kwenye fremu ya mlango. Mlango wake mwenyewe, wa miaka yote. Hakulalamika. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akaupata upenyo, akapita. Shangazi alinitazama, kisha akatazama sufuria.

Sikumwambia Tata kwamba kompyuta imeharibika. Aliniuliza kama nyumba iko tayari. Nilisema karibu. Naogopa.

Jumatatu, 11 Novemba

Labda ni umeme wa mtaa. Jioni huku Kagondo taa zinafifia watu wakianza kupika. Leo nimejaribu alfajiri, kabla ya majirani kuamka. Imezima. Nimejaribu mchana kupitia stebilaiza ya friji. Imezima. Taa ya chumbani haikutikisika hata kidogo.

Nimefuta programu za kadi, nimeziweka upya. Imezima.

Nimerudisha kadi ya zamani. Haizimi. Inakwama, inajikokota, lakini inaingia mlangoni na kutoka.

Kwa hiyo ni kadi mpya? Nimeuziwa mbovu? Nimelia kidogo jikoni. Si kwa ajili ya kadi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeifunga kadi kwenye kanga nikaipeleka mjini kwa Idrisa. Ana studio nyuma ya soko, anahariri video za harusi. Tunafahamiana tangu nilipokuwa nachapisha ramani kwake.

"Dada Koku, umeniletea mtoto?" Aliifungua kanga taratibu kweli.

Tumeiweka kwenye mashine yake, tumefungua nyumba yangu. Nje, sawa. Nikamwambia, sasa ingia. Niliziba mdomo kwa mkono.

Aliingia.

Ndani kabisa. Moto wa jiko unawaka upande wa kulia, vivuli vinacheza kwenye matete, nyasi zimetandazwa chini. Nilikuwa sijawahi kuiona nyumba yangu mwenyewe ikizunguka bila kukwama. Idrisa aliacha kuongea, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akasema hata kwao Kashai bibi yake alikuwa akisimulia mlango mfupi kama huo.

Kadi ni nzima. Kompyuta yangu ni nzima. Zikikutana ndipo mambo yanaharibika. Kama baadhi ya ndugu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimelijua tatizo.

Nje ya nyumba kadi haifanyi kazi kubwa, inaonyesha umbo tu. Mlangoni inakutana na kila kitu kwa mpigo: nyasi za ndani, moto, moshi, vivuli. Hapo inavuta umeme kwa nguvu zote. Na kitu fulani kinashindwa kuupeleka.

Nimefanya jaribio. Kuna mahali pa kuipunguzia kadi nguvu. Nimeishusha hadi nusu. Nikaenda mlangoni. Picha ikajikokota, ikakwamakwama, lakini ikaingia. Nikaongeza kidogo. Ikaingia. Nikaongeza tena. Ikazima.

Nimepiga makofi peke yangu. Ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mashine nzima.

Nikaichomoa nikasoma kibandiko. Kinadai nguvu ya kutosha na kubaki. Kibandiko kinasema uongo.

Kisha furaha ikaniishia. Pawa saplai hiyo aliichagua Jasson.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimezunguka maduka ya mjini. Idrisa alinifundisha: nzuri ni nzito, maana ndani kuna shaba, ya kudanganya ni nyepesi. Kwa hiyo kila duka naomba niishike tu. Muuzaji mmoja aliuliza kama nanunua kwa kilo. Zote nyepesi kama mkate.

Mwanza wanayo, lakini haitafika kabla ya Tata. Idrisa amekubali kuniazima ya kwake, ila Jumapili tu. Jumamosi ana harusi, na video lazima itoke asubuhi yake.

Naweza kumwonyesha Tata kwa nusu ya nguvu. Nimejaribu kutembea hivyo tena. Picha inaruka. Mwenye macho mazima anavumilia. Anayeona kupitia mrija, kila ikiruka anapotea.

Sijamwambia Jasson. Nasema moyoni kwamba namhurumia. Si kweli. Naogopa uso wake.

Ijumaa, 15 Novemba

Amejua. Alirudi mapema kutoka ghala la kahawa anakofanya kazi, akaikuta pawa saplai juu ya meza na mimi naipima mkononi.

"Mama Neema, hiyo ndiyo mbovu?"

Nilianza kuzunguka, umeme wa mtaa, mzigo wa nyasi. Alinikatisha.

"Ndiyo au siyo?"

Ndiyo.

Alisema nimekuwa nikienda kwa Idrisa, watu wa sokoni wanajua, ila yeye mwenye nyumba hajui. Nilisema amenuna tangu kadi ilipofika, ningemwambia saa ngapi? Alisema alinuna kwa sababu nilisema imechoka. Nilisema ni kompyuta, Baba Neema, si wewe. Alisema anajua ni kompyuta.

Tumekula kila mtu akitazama sahani yake. Neema alituangalia kwa zamu.

Nina hasira. Na aibu pia, nusu kwa nusu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimemaliza ndani. Ngozi ya kulalia, vibuyu ukutani, mkuki wa babu pembeni ya mlango. Nimefanya kazi na kadi ya zamani, kwa kujikokota.

Jasson ameshinda nje anatengeneza banda la kuku ambalo halikuwa limeharibika.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda kitupu. Nikadhani ameenda ibada ya kwanza. Alikuja amelowa mvua, kifurushi kifuani chini ya koti. Alikuwa ametoka kwa Idrisa. Alikwenda mwenyewe, akamsubiri amalize video ya harusi, wakanywa chai pamoja.

Aliketi sakafuni akaifungua kompyuta. Nilimshikia tochi. Alichomoa nyaya zake za zamani moja moja, bila haraka. Alipoinua ya Idrisa kuiweka, aliipima mkononi, akainua na ile yake mkono wa pili. Alicheka kwa pua.

"Muuzaji aliniona natoka mbali, akanidanganya," alisema.

Hilo ndilo pekee alilosema. Ilitosha.

Nilirudisha kadi mpya, tukawasha. Hatukujaribu mlango. Mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka Tata awe wa kwanza.

Walifika mchana, yeye na shangazi. Tulimweka Tata karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Nilianzia nje. Nilizunguka paa taratibu sana, maana anaona kipande kidogo kwa wakati. Alikuwa akisema, rudi. Nenda. Rudi kidogo. Kama anayemwelekeza mtu kupaki gari.

Kisha mlango. Jasson alikuwa amesimama nyuma yangu, sikusikia akipumua.

Nilisukuma mbele. Na Tata, kwenye kiti chake, akainamisha kichwa ili apite.

Tukaingia.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alishika mdomo. Tata alibaki ameinama kidogo, kisha akanyoosha shingo polepole, kama mtu aliyekwisha kupita, akatazama juu kwenye paa. "Waitu," alisema, kama anayesema jamani. Kisha Kihaya tupu, kwa sauti ya chini, akiongea na shangazi peke yake. Nani alilala pale. Nani alifia pale. Alimwambia kweli, jiko lilikuwa kulia. Shangazi alimjibu hata yeye hana uhakika, pengine lilikuwa katikati.

Nilizunguka nao hadi chai ikapoa. Haikuzima.

Jumatatu, 18 Novemba

Wameondoka na basi la asubuhi, Tata na shangazi. Jasson alibeba mkoba. Mvua nyembamba, ziwa halionekani.

Kabla ya kupanda Tata alinishika kiganja, akakitafuta kwanza, akakipata.

"Mwana wange, nyuma ya nyumba ulisahau migomba. Nilitaka kutokea kwa nyuma, nikakuta patupu."

Nilimwambia sikujua ilikuwaje.

"Ilikuwa mingi. Nyeusi kwa kivuli. Wewe ichore. Nikirudi utanipeleka."

Nimempelekea Idrisa kifaa chake. Nyumba iko kimya sasa, Neema shuleni. Kadi ya zamani iko mahali pake, na inajikokota. Si kitu. Nimeanza na mgomba mmoja, ulio karibu na ukuta.