Ijumaa Ulizobaki Gereji

Kensington, Johannesburg, 2018

Fundi Bakari,

Tangu tukuzike, bosi hajampa mtu benchi lako. Sasa anataka nilikalie mimi. Anasema tangu ile madigadi yangu ya kwanza alijua nitakurithi. Bado tunayajenga upya yale magari ya Kiingereza ya zamani, bodi ya alumini kwa nyundo na mkono, na matajiri bado wanayapangia foleni.

Unanijua, mimi nashuku hata chai ya bure. Papa Kalala, Mkongo wa Lubumbashi aliyeajiriwa kunisaidia, anaizunguka mno kazi yangu. "Eish, ndugu, mukono yako iko muzuri," ananiambia. Sifa nyingi namna hiyo zinanitia wasiwasi.

Wiki hii lile gari lenye madigadi yangu ya kwanza limerudi. Limegongwa kwenye robot, hizi taa za barabarani za huku, dereva mmoja alipita nyekundu. Nikaifungua madigadi, nikapitisha mkono kwa ndani kama ulivyonifundisha: "Papasa kwanza, macho baadaye." Alama za nyundo zimelala kinyume na mkono wangu wa kulia. Nikamrukia Kalala, ameigusa lini? Gari hilo lilitoka hapa kabla yeye hajafika Joburg. Nimemwomba radhi, ingawa kwa shingo upande.

Gereji nzima, aliyepiga nyundo kwa mkono wa kushoto ni wewe peke yako.

Ndipo nikakumbuka. Bosi alishasema madigadi ile ikitoka mbovu nirudi kwetu Tanga. Nilipoiacha mchana ule ilikuwa na mawimbi, nikajisemea labda ni macho yangu. Ukaniambia, "Tangulia msikitini, mdogo wangu, goti linaniuma." Wewe, usiyekosa Ijumaa hata kwa mvua ya mawe. Niliporudi ilikuwa laini, nami mjinga nikajipongeza.

Nakushukuru, Fundi, na nimekukasirikia. Nimelia juu ya lile bati mpaka Kalala akaniletea maji. Maana goti hilo lilikuuma Ijumaa nyingi, na sasa kila kazi yenye jina langu naitilia shaka. Sijui kama mimi ni fundi, au ni mtu uliyemhurumia.

Jumatatu nitamweleza bosi ukweli. Kisha nitaomba bati jipya, nilipige mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Likitoka bovu, nitaliacha bovu alione. Kwaheri, Fundi wangu, Mungu akurehemu. Safari hii usinisaidie.

Rajabu