Boti ya Pedeli na Majaketi ya Kukulia

Jumapili, 24 Novemba 2024

Nimeshinda! Mkutano wa familia umekubali: tunanunua boti ya pedeli, na mimi niko kwenye kamati. Bwawa la marehemu baba pale Giakanja limekaa miaka thelathini likinywesha kahawa na kutisha watoto. Kila Desemba tunakutana kando yake, tunachoma mbuzi, tunawafokea watoto wasisogee. Hayo si malezi, nikasema. Mtoto aliyekatazwa maji huyaendea siku ambayo mkubwa amesinzia. Mdogo wangu Kingori — mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mwanamume wa pekee kwa baba — akauliza kama hiyo ni hoja au ni barua yangu nyingine kwa mhariri wa gazeti. Wakacheka. Wacheke! Watu wazima ishirini na wawili, anayejua kuogelea ni mmoja, naye anafanya kazi Doha.

Jumatano, 27 Novemba

Nyeri mjini, kwa Usman, muuza matangi ya maji ambaye siku hizi anauza na boti. Kingori akaipenda ile yenye umbo la bata maji: nyeupe, shingo ndefu, viti viwili. Akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaigonga ubavu. Akauliza inabeba kilo ngapi. Nikamwambia shingo haikanyagi pedeli. Mimi nilitaka pana, tambarare, ya viti vinne: wakubwa wawili mbele wanakanyaga, watoto wawili nyuma. Tukabishana mpaka wateja wakasimama kututazama. Mwishowe nikamuuliza Usman angempandisha binti yake Salwa kwenye ipi. Akaonyesha ile pana ya bluu, hata hakufikiri.

Ya bluu imenunuliwa. Kingori amenuna njia nzima. Majaketi ya kujiokolea ameachiwa mkewe, Nduta. Nilitaka kuyachagua mimi. Ati nimeshachagua ya kutosha.

Jumamosi, 30 Novemba

Nduta ameyaleta. Tisa, rangi ya chungwa, moja kwa kila mtoto. Na yote ni ya watu wazima! Kwa fahari kabisa akasema watayavaa mpaka kidato cha pili. Ameshaandika majina mgongoni kwa wino usiofutika, kama sweta za shule. Mjukuu wangu Wendy ana miaka minne. Jaketi linamfika magotini.

Sisi ndio watu hawa! Sweta ya darasa la nne kwa mtoto wa chekechea, mikono imekunjwa mara tatu, viatu vimejazwa karatasi. Tunaita busara. Hata mimi nilimfanyia hivyo binti yangu Wangui. Alimaliza shule ya msingi bila kuvaa kitu kilichomtosha. Lakini sweta kubwa haiui.

Nikayasema hayo kwa sauti. Nikasema pia "ujinga". Neno hilo ningelimeza. Nduta aliinamisha macho, akaanza kukusanya vikombe.

Jumatatu, 2 Desemba

Jaribio. Nimejaza maji kwenye tangi lililokatwa la kunyweshea ng'ombe. Nikamvalisha Wendy jaketi lake, zipu juu, mikanda imekazwa mpaka mwisho. Nikamshusha, nimemshika kwapani. Nikalegeza mikono — kidogo tu.

Jaketi likaelea. Wendy hakuelea. Likapanda, likamfunika masikio, kidevu kikazama. Nilimnyanyua kabla hajamaliza kushangaa. "Shosho, tena!" Tena!

Nimeandika yote kwenye kikundi cha familia. Ishirini wamesoma. Jibu moja tu, la Kingori: tangi si bwawa.

Ijumaa, 6 Desemba

Kwa Usman tena. Hawezi kuyapokea, yana majina. Ana haki. Akasema amezoea: akiuliza mtoto ana miaka mingapi, anajibiwa, "Wewe nipe tu kubwa." Alikuwa na matatu madogo, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu na kola ya kuinua kichwa. Nimeyachukua yote. Matatu yanatosha! Boti inabeba watoto wawili kwa zamu.

Nikampigia Kingori. Hapana. Kila mtoto ana lake, na nikiyabadilisha nitakuwa nimemvua Nduta nguo mbele ya ukoo. Nikamjibu heri aibu ya Nduta kuliko maiti ya mtoto. Akakata simu.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu namna watu wanavyoangamia. Hakuna hata kimoja kilichoniambia: kwa adabu.

Jumatano, 11 Desemba

Wangui alikuja. Akanisihi kesho, boti ikishushwa majini, nisiwaaibishe. Wendy atamweka tu ukingoni, asipande, yaishe. Nikauliza, na wale wanane? Akasema wale wana mama zao.

Wana mama zao! Na neno hilo limetoka kwa mwanangu. Nikamwambia nitakuja. Akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 12 Desemba, Jamhuri

Saa tano. Naandikia ndani ya boti. Iko majini, imefungwa kwenye kigingi. Niliingia mhubiri alipofumba macho kuiombea. Aliposema amina, nilikuwa nimeshakaa, yale madogo matatu mapajani. Walicheka kwanza. Sasa hacheki mtu.

Kingori ameleta dawa yake: kamba ya katani! Kila mtoto aliyevaa jaketi amepitishwa kamba katikati ya miguu, fundo kifuani, juu ya lile gunia la chungwa. "Haya, hiyo shida yako imeisha. Toka, dada, watoto wanangoja." Nikamwambia kamba ya mbuzi ni ya mbuzi. "Na wewe hata kuogelea hujui!" Kweli, sijui. Nikamjibu ndiyo maana sitoki: mimi najua ninachokiogopa.

Ametishia kufungua boti nielee peke yangu mpaka katikati, nipate akili. Afungue! Nimevaa jaketi linalonitosha sawasawa. Mgongoni limeandikwa WENDY.

Wangui yuko ukingoni, Wendy yuko mgongoni mwake. Hanitazami. Lakini hamweki chini.

Kingori anamwita Nduta alete wawili wa kwanza. Nduta haitiki. Amepiga magoti mbele ya mwanawe Mwai, wa miaka mitano, anahangaika na fundo. Labda analikaza tu. Katani imelowa, inamsumbua. Sasa anatumia meno. Ameinua kichwa, ameyatazama haya matatu mapajani mwangu. Kingori anaita tena, kwa jina lake kamili —

Nduta ameurudisha uso kwenye fundo, meno yanalilegeza.