Vipande Viwili vya Faki

Tanga

Mdogo wangu Bikombo,

Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujafungua bahasha: marahaba. Miguu yako vipi? Yale mafuta ya karafuu niliyokwambia ujikande, unajikanda, au unayangoja yakukande yenyewe? Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo usiniulize, maana barua yako ndiyo iliyoukanyaga.

Umeniandikia, tena kwa herufi kubwa nisipate tabu, kwamba mjukuu wetu Faki kafa kwa ajili ya mchezo wa mashine. Kwamba hiyo kompyuta niitupe baharini, na nduguye Hamadi nimlete huko Wete akachume karafuu apate akili. Mie kisomo changu ni kile cha watu wazima tu, lakini neno hilo nimelisoma sawasawa. Sasa kaa kitako nikueleze lilivyokuwa. Wewe tangu udogo wako unahukumu kwanza, kisha ndiyo unauliza.

Watoto hawa niliwapokea mama yao alipokufa, wajua, Hamadi bado ananyonya kidole. Nimewalea miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, tukifua kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni haionekani. Leo maduka ya Tanga yamejaa hata vitu visivyo na jina, kila mtu ana ruksa ya kuuza. Basi wamekua, Faki akawa anavuka mpaka wa Horohoro kufuata leso Mombasa na kuja kuziuza, Hamadi kamaliza shule hana kazi, ndipo ukawaingia wazimu wao: wataunda kompyuta kwa mikono yao, ya kuchezea magari ya kushindana. Nzima hawaiwezi bei, basi wataikusanya kipande kipande. Kioo chake walipewa na tajiri wangu kule Raskazone ninakopika, kilikuwa kimetupwa stoo na popo wamekinyea. Sanduku lake la bati walilitoa kwenye ofisi iliyofungwa.

Nikawaambia, "Si mmeshapata? Unganisheni mcheze, mniondolee takataka ukumbini."

Faki kacheka. Alikuwa akiniita mke wangu tangu aanze kusema, kama mjukuu yeyote aliyelelewa, na Hamadi akamfuata. "Mke wangu," kasema, "haiwi hivyo. Kila kipande kina mwenziwe. Huu ubao mkubwa ndio mama wa vyote. Ukikosea ubao, hivi vingine havikai. Hata vipande vya kumbukumbu ya mashine vipo vifupi na vipo virefu, na kila ubao una vyake."

"Yaani kufu," nikasema. "Mtu na kufu yake."

"Hiyohiyo. Basi sisi hapa tunaposa."

"Posa gani haina mshenga?"

"Mshenga mie. Hamadi ndiye baba wa bibi harusi, kazi yake kununa."

Ikawa ndiyo lugha yao. Kila alasiri wako mkekani, wanabishana: ubao huu si kufu ya kumbukumbu ile, umeme wa sanduku hili hautalisha nyumba nzima, kile cha kutia rangi kwenye kioo kitaona haya kukaa na wazee. Mie nasuka ukili wangu, nawasikiliza. Nikwambie kweli, Bikombo, nyumba hii haijawahi kuwa na raha kama siku zile. Vijana wa mtaa wako vijiweni wanavuta bangi. Wangu wanaposa vyuma. Wewe waita mchezo. Ita upendavyo.

Wakaafikiana juu ya ubao mmoja wa kizamani, waliupata kwa muuza duka mmoja hapa mjini. Huo ulikuwa wataka kumbukumbu fupi, na fupi Tanga hazipatikani tena. Faki kasema Mombasa zipo. Safari hiyo hakuwa na leso za kufuata. Alikwenda kwa hivyo vipande tu, hilo sikufichi.

Huku nyuma yule muuza duka kapata mzigo mpya. Hamadi kaona ubao mwingine, mwepesi, wa kisasa, wataka kumbukumbu ndefu, na ndefu ziko pale pale kabatini. Kauchukua, ule wa zamani kaurudisha. Alitaka kaka yake akifika astuke afurahi. Simu ya kumwambia ingepigwa wapi?

Faki hakufika. Pikapu iliyokuwa ikimleta kutoka mpakani ilipinduka njiani, na yeye alikuwa juu ya mizigo. Waliniletea maiti na mkoba wake.

Tukamwosha, tukamzika. Hitima ilipokwisha nikatoa vitu vyake kama tulivyofunzwa na marehemu mama: kanzu, mashati, viatu, na ule mkoba vile vile ulivyokuja, nikampa Mzee Shaame, aliyemwosha. Sikuupekua. Maiti hapekuliwi. Wewe ungefanya vivyo hivyo, usijitie kutikisa kichwa.

Hamadi kaja kuniuliza, "Mkoba wa kaka uko wapi?"

"Umetoka sadaka."

Tangu siku ile hakuniita mke wangu, hakuniita bibi, hakuniita jina lolote. Akiambiwa kula, anakula. Akiambiwa oga, anaoga. Akimaliza anakaa mkekani na ule ubao wake mpya mapajani, kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Mie nikadhani kanuna kwa sababu ya mkoba, nikamkemea. "Sadaka hairudiwi. Wataka niende kwa Mzee Shaame nimwambie nipe nilichokupa? Uso wangu nitaufunika kwa kitu gani?" Hata kope hakuitikisa. Hapo nikaogopa. Mtoto akikujibu ufedhuli una mtoto. Akinyamaza hivi, huna.

Alasiri moja Mzee Shaame kabisha hodi. Mkononi ana kitu kimefungwa kitambaa, nikakijua kitambaa: kile cha Faki cha kufutia jasho.

"Bi Mize, mkobani mlikuwa na hivi. Si nguo, wala si vitu vya mzee kama mie."

"Mie nimeshatoa," nikamwambia. "Sipokei."

"Nani kakupa wewe? Ulichonipa kimekuwa changu. Changu nampa Hamadi, zawadi. Una neno na zawadi yangu?"

Nikamwita Hamadi, kaja, kafungua. Vipande viwili vyembamba vya kijani, mfano wa vitana vilivyovunjika meno. Vifupi. Kachukua kimoja, kakiweka kwenye mwanya wa ule ubao mpya. Kikacheza ndani kama jino la mtoto. Na alijua, Bikombo. Alijua kabla hajaweka, alijua tangu siku ya msiba.

Ndipo akalia. Mtoto hakulia mazikoni, hakulia kwenye hitima, akalia pale mbele ya Mzee Shaame, kamasi mpaka kifuani. Kasema, "Bibi, ubao niliubadili mie. Yeye hakujua. Kafuata vitu visivyo na kazi. Kafa kwa vitu visivyo na kazi."

Umelisikia neno lake? Ni lako hilo hilo. Yeye kalibeba peke yake siku zote zile, bila kuambiwa na mtu, nawe huko Wete umekaa barazani ukaliandika kwa herufi kubwa.

Wajua mie maneno ya kubembeleza sina. Nikamwambia, "Nyamaza unisikilize. Kaka yako alikwenda na neno mliloafikiana, na kalitimiza. Ushenga wake umeswihi. Gari lililopinduka halikuuliza mkobani mna nini. Aliyebadili bibi harusi ni wewe, basi mrudishe."

Kaniangalia. "Ule wa zamani mzito, bibi. Unakwenda polepole."

"Mna haraka ya kwenda wapi?"

Tukaenda dukani wote wawili, mie na buibui langu. Ubao wa zamani bado upo, nani autake? Muuza duka kashangaa. "Kijana, wenzio wanapanda, wewe unashuka?"

Nikamwambia, "Sisi twaijua kufu yetu. Wewe leta."

Basi kauunda upya, vitu vyote akivitafutia mahali upande wa ule ubao wa kizee. Vile viwili vya Faki akavitia mwisho. Vilikaa, vikalia ta, havikucheza. Akawasha. Kile kioo cha popo kikang'aa, mie nikasema bismillahi nikarudi nyuma.

Mchezo wenyewe ni magari mawili. Vile vitufe vya kubonyeza ni vya watu wawili, huyu mkono wa kushoto, huyu wa kulia, na wao walishagawana mapema: kushoto Faki. Hamadi kakaa kulia. Gari lake likaenda, la pili likabaki pale pale panapoanzwa. Likazunguka likaja kulipita, likazunguka likaja kulipita.

"Mbona lile haliendi?" nikauliza.

"La kaka."

Nikauweka ukili chini. Nikamwambia sogea, nikakaa kushoto, nikauliza nibonyeze wapi. Kanionyesha. Nikagonga ukuta, nikaingia majanini, mara nimeshageuka naenda alikotoka yeye. Hakucheka. Lakini kasema, taratibu, macho yake kwenye kioo, "Mke wangu, unakwenda kinyume."

Basi nikaendelea kwenda kinyume mpaka adhana ya magharibi, ili aendelee kunikosoa.

Sasa sikiliza, ndiyo haja ya barua hii. Hamadi nitampandisha boti aje kwenu, si kutafuta akili, anayo, bali aone ndugu zake na amsomee kaka yake yasini pale alipozaliwa mama yao. Neno lile lisitamkwe mbele yake. Si wewe, si jirani, si kwa utani, si kwa kumfunza. Akisema mtu wa nyumba hiyo kuwa Faki kafa kwa mchezo, nitavuka na uzee wangu huu nije nimjibu mie mwenyewe. Barua yako nimeitia jikoni, imepikia maharage, asije akaiona. Hii nayo ukishaisoma, fanya hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, umpigie kelele sikioni ndiyo atasikia. Msalimie mwalimu wa chuo aliyewafunza Faki na Hamadi alifu walipokuja huko wadogo, umwambie amwombee mmoja na ampokee mwingine. Na binti yako aliyejifungua, asinyanyue ndoo.

Unijibu, na uandike kwa herufi ndogo.

Ni mie dada yako Mize, niliyebaki na mume mmoja.