Jina Lako Kwenye Fomu ya Bodi

Chumba cha nyuma,
Duka la Vioo,
S.L.P. 318.

Jumapili, 14 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji je, na yale magoti yake? Watoto nao? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la vioo hakiishi, na chumba kimenizidi ukubwa tangu mke wangu arudi kwao. Siku hizi naongea peke yangu. Jana nilijikwaa kwenye kiti, nikakiomba radhi.

Kazi si haba. Watu wanavunja madirisha, namshukuru Mungu.

Sasa Dada, nina jambo, na usinicheke kwanza. Mwaka jana nilikwenda kwa miguu yangu kwenye ofisi ya Bodi ya michezo ya kubahatisha, hao wanaotoa leseni kwa maduka ya kubeti, nikaomba nizuiwe kucheza. Kumbe inawezekana! Unajaza fomu, unapigwa picha, na picha inapelekwa kila duka lenye leseni. Wakikuruhusu kucheza, kosa ni lao. Kwenye picha yenyewe nimekaa kama mwizi wa kuku.

Miezi kumi sikutia mguu. Usiniulize nilivyokaa. Kule ndiko nilikokuwa na watu wa kunipigia kelele, wa kuniita Profesa. Sasa nikifunga duka, hakuna anayeniuliza lolote mpaka asubuhi.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikaingia duka la pale kona, ambalo cheti chao cha leseni nilikitia fremu mimi mwenyewe, maana sheria inataka kitundikwe ukutani kila mteja akione. Binti wa kaunta akaniangalia, akaangalia karatasi ya picha za waliozuiwa, akanionea huruma. "Profesa, kaa tu upumzike, lakini usicheze." Nikakaa. Kisha nikambembeleza mpaka akanikatia tiketi.

Mkaguzi wa Bodi hapigi hodi. Aliingia kama mteja nikiwa bado nimekaa, akasoma namba za mashine moja moja, akaulizia leseni, halafu akaomba ile karatasi ya picha na kuanza kuzilinganisha na nyuso zetu. Aliponifikia akasimama. Ile fremu yangu ikashushwa ukutani mbele ya macho yangu, duka likafungwa siku kumi na nne, na binti wa watu akaandikiwa onyo. Hakunilaumu hata kidogo. Niliona aibu, Dada, wee acha tu!

Baada ya hapo Bodi wakaniita. Zuio langu linaisha mwisho wa mwezi huu. Nikitaka liendelee, fomu mpya inataka ndugu mmoja, ambaye lazima akubali kwanza kabla mimi sijafunguliwa, siku nikienda kuomba zuio liondolewe. Bila ndugu hawaipokei. Mama wa dirishani akanisubiri. Nilishika kalamu mpaka foleni ikaanza kuguna, nikaandika jina lako.

Najua hatujaongea tangu mazishi ya mama. Nilikwambia gari liliharibika njiani. Halikuharibika. Nilikuwa dukani nasubiri matokeo ya mechi, nikijiambia bado saa moja, bado nusu saa, na nilipofika mlikuwa mmeshafukia. Nadhani ulijua. Hukunigombeza, na tangu siku hiyo hukuniambia neno lolote tena. Nisamehe, Dada. Sina cha kujitetea.

Watakupigia wiki hii kukuuliza kama unakubali. Ukikataa ni haki yako, wala sitakulaumu. Ila sina mwingine wa kumwandika, na kuanzia tarehe mosi milango yote iko wazi kwangu, nami najijua.

Ukikubali, basi siku watakapokuuliza kama nifunguliwe, waambie hapana. Hata nikikulilia. Hata nikikuapia kwa kaburi la mama. Sema hapana, kisha uwakatie simu.

Nisalimie shemeji, na mwanao mkubwa, na wale mapacha ambao sijui hata wamefikia urefu gani. Waambie mjomba yupo. Mungu awatunze, awape usingizi mzuri na riziki isiyo na mashaka.

Namba yangu ya simu ni ile ile. Sijaibadilisha miaka yote hii, nisije nikakukosa ukipiga.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Kitindamimba