Suruali Chini ya Kitenge

Mwangaluka, Kabula mjukuu wangu. Huku Bariadi tu wazima. Mama yako yuko kwenye palizi ya pamba, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeniuliza uvae nini huko Omani, kwenye joto na watu wenye taratibu zao. Sikia.

Miaka ile mitumba iliporuhusiwa, nilinunua suruali ya kiume mnadani. Nilikuwa nachukua dagaa Lamadi na kuwauza vijijini kwa baiskeli, na gauni lilikuwa linanasa kwenye mnyororo. Nilipofika kwenye boma moja la Zagayu, mzee mwenye mji akanizuia.

"Mayu, kwangu mwanamke haingii hivyo. Kaivue."

"Siivui, baba."

Nikapiga goti nikamwamkia vizuri. Kisha nikachukua kitenge nilichofunikia dagaa, kinanuka hivyo hivyo, nikajifunga juu ya suruali mpaka miguuni. "Heshima yako hiyo hapo. Suruali ni ya safari yangu."

Akawaita wake zake waje na mabakuli wapimiwe dagaa. Mke mdogo alinisindikiza hadi njiani, akaninong'oneza, "Ukirudi, niletee na mimi."

Nilimletea.

Nakutumia vitenge viwili vya pamba, vipana na vyepesi. Jifunike wanavyojifunika wenyeji, usibishane nao, ni kwao. Ila mtu akikwambia urudi ulikotoka, kaza kitenge, umpite.

Suruali sikutumii. Bado naivaa.

Bibi yako